Wanaume Watoke

Mbaruku hakupiga hodi. Tangu achaguliwe kuwa balozi wa nyumba kumi alikuwa ameacha kupiga hodi kwa watu, na kwa dada yake ndiyo kabisa. Aliingia moja kwa moja hadi uani, akamkuta Bi Sihaba amelitandaza pazia lake juu ya mkeka, anaziba tundu alilotoboa panya. Akavuta kigoda, akakaa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Na hiyo sura umetoka nayo wapi?"

"Ofisi ya kata. Jumamosi tunahakikiwa wote. Kila mtu mzima anakuja, anasema kazi yake, na shahidi wake anasimama. Asiye na kazi anapanda lori palepale, anapelekwa vijijini kulima. Wamechoka na wazururaji mjini."

Bi Sihaba aliendelea kushona. Habari za malori zilikuwa zimeshafika sokoni kabla ya kufika kwa balozi. Ilikuwa mwaka ule ambao sabuni ilikatwa vipande kama halua, na mtu akionekana na vibiriti viwili anaulizwa kavipata wapi. Mwaka wa namna hiyo haukosi jambo jingine juu yake.

"Mimi mjane, nina pazia langu," alisema. "Nakodisha. Wanijua."

"Wewe huna neno dada. Nasema Abeid."

Pazia lenyewe lilikuwa la kitambaa chekundu chenye darizi ya njano, la mama mkwe wake, na hapakuwa na harusi ya Kiislamu pale mtaani Mirongo iliyopita bila kulikodi. Linatundikwa kugawa nyumba: huku wanaume na pilau yao, huku wanawake na bibi harusi anayepambwa. Bi Sihaba alitundika pazia na mwanawe Abeid akaimba nyuma yake. Nyumba ile ilikuwa ikila kwa njia hiyo, siku za kula na siku za kulala na uji.

Abeid aliingia na ndoo ya maji begani. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye mwendo wa kujivuta na sauti ambayo hata akiomba chumvi ulitaka aendelee kuomba. Kwenye kucha zake kulikuwa na hina ya harusi ya majuzi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa hapa. Kuna mzee nimeongea naye kule mwaloni, anauza dagaa. Jumamosi atasema wewe unambebea magunia."

"Nambebea lini?"

"Atasema tu!"

"Na wakiniambia nyanyua gunia tuone?" Abeid akacheka. "Mjomba, mimi kazi ninayo."

"Ipi?"

"Siku unamwoza binti yako Zaina ulikaa nje pale mkekani, ukaacha pilau ikapoa, machozi yanakutoka. Nani alikuwa anaimba?"

Mbaruku alitupa jicho mlangoni, kuona kama kuna mtu anapita. "Hayo ya ndani ni ya ndani," alisema kwa sauti ya chini. "Usiyalete kwenye mkutano. Mimi ni balozi, nina maadui."

Akaondoka bila kunywa chai. Labda alijua kwamba hakuna sukari.

Siku iliyofuata alikuja mgeni mwingine, na huyu alipiga hodi hadi ikamchosha. Aliitwa Privatus Bagenda, mtu wa Bukoba, afisa utamaduni. Alivaa miwani na viatu vilivyopigwa rangi, na kwapani alibeba redio kaseti iliyofungwa kwa kanga ya kuazima ili vumbi lisiingie. Alimwamkia Bi Sihaba kwa heshima kubwa, akasema anakusanya nyimbo za mkoa, na kwamba amekuja kuzungumza na mwimbaji Abeid juu ya kazi yake.

Bi Sihaba alilirudia neno lile kimoyomoyo. Kazi yake. Hakuna mtu aliyewahi kuingia uani kwake akaiita hivyo. Aliwakaribisha chumba cha mbele, yeye akabaki nje na ungo wa mchele, akachagua mchele usio na mchanga ili apate sababu ya kukaa karibu na dirisha.

"Nilikusikia kule Ilemela," alianza Privatus. Kile chombo chake cha kurekodia kikakoroma, kikatulia. "Nilikuwa upande wa nje. Bibi mmoja alipaza sauti, 'Wanaume watoke!' Mara ikajibu sauti ya kiume kutoka hukohuko ndani, 'Wametoka wote!' Wanawake wakacheka mpaka nyumba ikatikisika. Ndiyo desturi?"

"Ndiyo salamu yangu. Kabla bibi harusi hajafunuliwa, mkubwa wao lazima aite. Nami ndani nimo. Basi najibu mimi. Wakishacheka, yule bibi harusi naye anacheka, na akicheka ameshapona nusu."

"Kupona nini?"

"Woga, bwana afisa. Unadhani kazi yangu ni kuimba? Kuimba hata kasuku anaimba. Mimi namtoa mtoto wa watu woga. Ninaingia naangalia miguu yake. Wa kulia kwa desturi anachezesha dole gumba. Wa kulia kweli, miguu imekufa ganzi, haina habari. Huyo simwimbii ya matusi. Huyo namwanzia mbali."

"Mwanzie basi. Mfano."

Abeid akakohoa kidogo, akaimba bila ngoma, taratibu, na Bi Sihaba akaacha kuchagua mchele.

*Kibatari changu hiki, mafuta kinayo tele,*
*Kiberiti hakiwaki, na giza ni lilelile.*

"Umetunga wewe?"

"Mimi. Wao wanaelewa mambo ya bwana na bibi, wanapigana mabega. Na waelewe hivyo, ndiyo harusi."

"Na wewe unaelewaje?"

Bi Sihaba alimjua mwanawe. Alijua sasa anaangalia kucha zake.

"Mimi naelewa kuwa kesho yake wanaume wananifuata kisimani, 'Ile sauti ya jana ya nani?' Nikiwaambia yangu, mmoja anatema mate. Mwingine anasubiri wenzake waondoke, anarudi peke yake kuniuliza naishi wapi. Sijui yupi ananichosha zaidi."

Kile chombo kikalia *tak*. Privatus alikuwa amekizima.

"Hili siliandiki popote," alisema, na sauti yake ya ofisini ilikuwa imemtoka. "Nataka kujua tu. Wapo wengine hapa mjini? Wa namna yako?"

"Wa namna yangu, au wa namna yetu?"

"Mimi nina mke Bukoba."

"Sikukuuliza."

Bi Sihaba aliinua ungo akaupepeta kwa nguvu, pumba zikamwingia machoni. Hakuwa mtoto. Alimzaa, alimlea, na tangu alipokuwa anajifunga kanga ya mama yake kichwani na kuimbia kuku alijua kwamba huyu mwanawe Mungu alimkata kwa kitambaa kingine. Hakuwahi kulisema. Wanawake wa pazia nao hawakulisema. Walikuwa na neno lao moja tu, "Abeid ni wa ndani," na kwa neno hilo walimpa sahani yake, mto wake wa kuegemea, na siri zao zote.

Privatus alipotoka macho yalikuwa mekundu. Bi Sihaba alimfuata hadi mlangoni.

"Baba, Jumamosi utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mama. Nakaa meza ya viongozi."

"Wakimuuliza kazi yake?"

"Ni msanii. Nitasema ni msanii. Taifa linawahitaji." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mtafutie na shahidi mmoja. Mmoja tu, aliyeimbiwa."

Bi Sihaba alikwenda kwanza kwa Mwaija, maana ndiye aliyekuwa karibu na roho yake. Alikuwa ameolewa juzijuzi na Salmini muuza nyama, na siku ya harusi yake miguu ilikufa ganzi kwelikweli. Abeid alikaa naye nyuma ya pazia tangu alasiri, akampaka hina kwa mkono wake, akamwimbia mpaka akaacha kutetemeka.

Mwaija alimpokea jikoni. Aliposikia shida yenyewe, mwiko ulimponyoka.

"Bi Sihaba! Nisimame mbele ya watu, mbele ya Salmini, niseme mwanamume alinishika miguu?"

"Lakini si unajua mwanangu alivyo?"

"Mimi najua. Wewe unajua. Salmini anajua nini? Yeye anajua kuna jina la kiume. Mtu huyu nikichelewa sokoni ananinusa." Akamshika mikono yote miwili. "Nampenda Abeid kuliko kaka zangu. Lakini nikisema hivyo siku hiyohiyo narudi kwetu na talaka, na nyumbani kwetu unapajua. Nakuomba Mungu akuweke, usinitaje. Niape nini ili uniahidi?"

"Usiape. Sitakutaja."

"Niahidi."

"Nimeahidi, mwanangu."

Akaenda kwa wa pili, akaenda kwa wa tatu. Wote walimkalisha, wote walimpa maji, mmoja akalia. Mmoja alimfungia vipande viwili vya sabuni kwenye karatasi, akasema ampelekee Abeid. Hakuna aliyekataa kwamba aliimbiwa, ila kila mmoja alikuwa na mume, na kila mume alikuwa ameambiwa kwamba nyuma ya pazia hakuna mwanamume. Ni kweli wanaume wenyewe walisikia sauti ile kwa masikio yao. Lakini jambo likishasikika tu bila kusemwa, watu wanaweza kula nalo pilau miaka ishirini.

Usiku alimtolea Abeid suruali ya marehemu baba yake.

"Vaa hii kesho. Na hizo kucha uzikate."

Suruali ilimpwaya, akaifunga kwa kamba ya mkonge, akatembea huku na huku chumbani, mabega juu, akikanyaga kwa kisigino. "Hivi, mama? Au zaidi kidogo, kama mjomba?" Akamwigiza Mbaruku mpaka Bi Sihaba akacheka huku analia. Kisha akakaa, akazikata kucha moja moja, na hina yake ikaanguka sakafuni.

Jumamosi watu walijaa uwanja wa ofisi ya kata, wakakaa hadi juu ya mawe makubwa yaliyo nyuma yake. Wake walikuja ili waume zao wawashuhudie. Mezani alikaa Katibu Mayala, Msukuma mrefu mwenye adabu, asiyepaza sauti. Pembeni yake viongozi wawili watatu, na mwishoni kabisa Privatus Bagenda na miwani yake. Lori lilikuwa limesimama barabarani, limefunguliwa nyuma.

Kazi ilikwenda haraka. Fundi cherehani, huyu. Mchukuzi wa ghalani, huyu. Kijana mmoja alisema anauza sigara moja moja, watu wakacheka, akaelekezwa kwenye lori, wakaacha kucheka.

"Ndugu Abeid wa Bi Sihaba."

Abeid akasimama mbele, suruali kaishika kwa mkono mmoja. Mbaruku, ambaye kwa cheo chake alipaswa kusimama naye, alikuwa anachunguza jambo fulani kwenye kiatu chake.

"Kazi yako, ndugu?"

"Mwimbaji."

"Wa bendi gani?"

"Sina bendi. Naimba harusini."

Mayala aligeukia mwisho wa meza. "Afisa utamaduni. Huyu mnamjua?"

Bi Sihaba alimkazia macho Privatus, kama mtu anayesukuma mkokoteni kwa macho. Privatus alisimama. Alikuwa na la kusema. Mtu yeyote angeona kwamba analo. Lakini nyuma ya umati mtu aliguna, akatamka neno moja, "Hanithi," na vicheko vikapita chini kwa chini mpaka mezani. Kiongozi aliyekaa jirani na Privatus alimtazama, kisha akamtazama Abeid, kisha akamtazama tena Privatus.

"Ofisi yetu," alisema Privatus, "inatambua vikundi vilivyosajiliwa. Mtu mmoja mmoja... hapana. Simfahamu." Akakaa.

Abeid hakumwangalia. Alitikisa kichwa kidogo tu, kama afanyavyo mwimbaji pale mpiga ngoma wake anapokosea, naye ameshalitegemea kosa.

"Una shahidi, ndugu?" Mayala aliuliza kwa upole. "Mtu uliyemwimbia. Hata mmoja tu."

Wanawake walikuwa wamejaa pale. Bi Sihaba aliwaona mmoja mmoja, harusi kwa harusi. Aliwaona wamevuta kanga zao hadi puani na kuinama. Uwanja mzima umenyamaza, na mwanawe amesimama katikati na suruali ya maiti. Hapo ndipo damu ilimpanda kichwani, na mdomo ukamponza.

"Mashahidi wamejaa hapa!" alipiga kelele. "Mheshimiwa, mwanangu si mzururaji! Tangu ana ndevu za kwanza anawatoa watoto wenu woga! Wanawake wote wanamjua, yeye ni wa ndani, hatolewi pazia likishuka! Si mwanamume wa kuogopwa, Mungu hakumuumba hivyo! Muulizeni Mwaija! Mwaija pale, nani alimpaka hina? Nani alimshika miguu tangu alasiri?"

Neno likishatoka halirudi. Bi Sihaba aliliona likienda. Maneno aliyokuwa akiyasema ndani miaka yote, ambayo ndani yalimaanisha mpeni sahani, mpeni mto, hapa nje yalitua kama matope. Watu walianza kupiga miluzi. Salmini alikuwa amesimama. Alimgeukia mkewe, akaweka mkono juu ya shingo yake kwa nyuma, kama anavyomshika mbuzi wa kuchinja. Mwaija macho yalimtoka.

Mayala aligonga meza. "Ndugu Abeid. Kama mama yako anavyosema, basi una shahidi, na una kazi. Na nina maswali mengine yatafuata, kwako na kwa huyo bibi. Jibu. Ulikuwa ndani siku hiyo?"

Abeid alimtazama Mwaija. Alitazama miguu yake. Mama yake aliona kwamba anaitazama miguu. Kisha akaigeuza sura yake kwa Bi Sihaba, naye akajua kabla hajasema.

"Samahani, Katibu," alisema Abeid, kwa sauti nzito ambayo mama yake hakuwahi kuisikia. "Mama yangu ni mzee, amechanganyikiwa. Tangu baba afe anasema mambo yasiyokuwepo. Anasikia nyimbo. Mimi siimbi. Sijawahi kuimba, na huyo mke wa mtu simjui. Nilidanganya kuwa nina kazi, naogopa jembe. Sina kazi."

"Mwanangu!"

"Unamwona?" alisema Abeid, na uwanja mzima ukacheka. Salmini naye akacheka, kwa kupumua, akauondoa mkono wake shingoni mwa mkewe.

Mayala aliwatazama mama na mwana. Hakuwa mjinga. Akaandika, akaonyesha barabarani kwa kalamu.

Walimruhusu Bi Sihaba amletee mwanawe nguo. Alipofika na furushi lori lilikuwa limeshajaa, watu wamesimama wamebanana, na Abeid alikuwa ukingoni, ameushika ubao.

"Nisamehe mama. Nimekuita mwehu mbele za watu."

"Mimi ndiye wa kuombwa? Mimi niliahidi, Abeid! Nilimwahidi yule mtoto!" Alimpa furushi, akaing'ang'ania mikono yake iliyokatwa kucha. "Nimekuuza kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Hukuniuza. Ulisema kweli, ila mahali pake si hapa." Akainama, kwa haraka, maana dereva alikuwa ameshawasha gari. "Sikiliza. Wakikuuliza, wewe kweli umechanganyikiwa. Unanisikia? Akija Salmini, akija nani. Ukipona tu, Mwaija ameachika."

Lori likaondoka kuelekea Usagara na vijiji vya pamba huko mbele. Bi Sihaba alisimama barabarani hadi vumbi likakaa chini. Watu waliompita walimwamkia kwa sauti kubwa na polepole, kama anavyoamkiwa mtu asiyekuwa na akili timamu, naye akaitikia marahaba, marahaba, kwa kila mmoja.

Ndivyo akaishi. Ilimbidi, maana kila alipotaka kubisha alimkumbuka Mwaija na ule mkono wa muuza nyama. Akienda kwenye foleni ya unga wanamsogeza mbele kwa huruma, wanamnong'ona. Mbaruku alianza kumwambia mambo mara mbilimbili, na mbele ya wageni alisema, "Msimjali dada yangu," mpaka siku moja mwenyewe akaonekana ameshaamini. Salmini alimletea utumbo wa ng'ombe, sadaka kwa ajili ya wagonjwa. Aliupokea, akashukuru. Akaupika na kuula, kwa sababu hapakuwa na kingine.

Privatus alikuja mara moja, jioni, bila redio yake. Alisimama mlangoni, asiingie.

"Ule utepe, mama. Niliogopa kukaa nao. Tumerekodi kwaya ya shule juu yake."

Bi Sihaba alimtazama. Alikuwa na mengi ya kumwambia mtu huyu, na yote yalikuwa na akili ndani yake.

"Utepe gani, baba?" alisema. "Hapa hakuna mtu anayeimba."

Habari za Abeid zililetwa na mchuuzi wa pamba. Yuko, alisema, analima. Amekonda, homa inamrudia rudia. Siku moja palikuwa na sherehe pale kijijini, mtu mmoja wa mjini akamtambua, akamwomba angalau wimbo mmoja. Akakataa. Akasema amefananishwa, yeye hajawahi kuimba maisha yake.

"Bado anasema hivyo?" aliuliza Bi Sihaba.

"Anasema hivyo kwa kila mtu, bibi. Mpaka wamemwacha."

Baada ya mfungo harusi zilianza tena. Mdogo wake Mwaija aliposwa, na wakaja kukodi pazia. Mwaija mwenyewe ndiye aliyetumwa. Alikuwa na mimba. Hawakuongea sana, walilikunja pazia pamoja, huyu huku, yule kule, wakakutana katikati na ncha mikononi, na Mwaija akakiinamisha kichwa chake kwenye bega la mwanamke mzee, akakaa hivyo, kisha akalichukua pazia akatoka.

Siku ya harusi Bi Sihaba alilitundika kwa mkono wake, kama kawaida. Nje wanaume walikuwa wamekaa na sinia zao, Salmini na Mbaruku wakiwa pamoja. Ndani kulikuwa na joto na udi, na bibi harusi ameketi juu ya mkeka, ameinamisha uso. Bi Sihaba alimtazama miguu. Ilikuwa imekufa ganzi.

Bibi mkubwa wa shughuli akainuka, akashika ncha ya pazia, akaita kama ilivyoitwa miaka yote:

"Wanaume watoke!"

Wanawake wakanyamaza. Hawakukusudia; ni mazoea tu, masikio yalikuwa yanangoja. Wakangoja, wakatazamana, na mtu asithubutu kumfunua mtoto wa watu kabla wito haujajibiwa. Mwaija alijiziba mdomo kwa kanga. Yule bibi mkubwa, mkono bado uko kwenye pazia, alimgeukia Bi Sihaba, na wengine wote wakamgeukia.

Bi Sihaba alikohoa kidogo.

"Wametoka wote," alisema.

Hakuna aliyecheka. Bibi harusi alianza kulia, na ndipo mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakafuatia.